Mshenga wa Nyimbo

Siku hizi nikikaa peke yangu mchana, jua likiwa kali na mtaa umelala, husikia besi ikipita chini ya sakafu. Hakuna anayepiga kitu. Jirani kafunga duka, watoto wako shule, redio yangu imezimwa. Lakini nyayo zinasikia, na mara namwona yeye amesimama nyuma ya meza yake, mikono ya baibui imekunjwa hadi viwikoni, hedifoni sikio moja, jicho moja kalifumba. Tanga nzima ilimwita Fundi Mitambo. Jina lake la ndani sitalitaja, maana hata yeye alikuwa haitiki akiitwa kwalo na mtu asiye wa kwao.

Mimi ni mpambaji wa kumbi. Kazi yangu ni vitambaa, maua, na kiti cha bibi harusi. Kazi yake ilikuwa kupiga muziki katika sherehe za wanawake, na kwa miaka mingi harusi ile iliyoniita mimi ilimwita na yeye. Tulikuwa tukifika adhuhuri, kabla ya watu. Mimi napanda ngazi upande huu, yeye anafunga nyaya zake upande ule, na ukumbi mtupu umejaa mwanga na vumbi jepesi linaloelea. Saa zile ndizo nilizomjua. Watu wengine walimjua muziki ukishawaka, na mtu huwezi kumjua wakati huo, unamcheza tu.

Sherehe zetu hizi hazina mwanamume hata wa kubeba spika. Wanaume hushusha mzigo mlangoni, wakaenda zao. Ndani mabaibui huvuliwa, nywele huachiwa, na mama uliyemwona asubuhi sokoni kajifunika gubigubi utamkuta kafunga kanga kiunoni hata usimtambue. Mlangoni hukaa mama mtu mzima na kapu, kila simu inaingia humo, ya mgeni na ya mwenyeji. Haitolewi mpaka mtu aondoke. Kwa hiyo mpigaji naye lazima awe mwanamke, tena mwenye siri, na Fundi alikuwa na siri. Nimefanya naye kazi miaka yote hiyo na sijapata kumsikia akisema fulani alicheza vipi.

Alikuwa na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Akishapanga spika hukijaza, akakiweka juu ya ile kubwa, akapiga besi kidogo na kuinama kuangalia. Chai ikitulia, besi bado. Ikichora viduara vinavyotoka katikati kwenda ukingoni, hapo sawa. Ikimwagika, anajitukana mwenyewe kwa Kidigo, anapunguza. Nilimuuliza siku moja kwa nini asitegemee zile taa za kwenye mikisa, mashine yake ya kuchanganyia sauti.

"Taa zinasema mashine inasikia nini," akaniambia. "Mie nataka kujua tumbo la mtu litasikia nini. Na tumbo la mtu lina maji, si taa."

Kisha akainywa ile chai, akasema imepoa.

Watu wanaosema kuchanganya nyimbo ni kubonyeza vitufe hawajamsikia akieleza. Yeye hakusema kuchanganya. Alisema kuoza. Wimbo huu anamwoza kwa wimbo ule. Na kama ilivyo kwetu, aliamini nyimbo haziozwi kwa nguvu.

"Weye ukiwa na kijana wa Pangani na binti wa Lushoto," alinifundisha, nikiwa juu ya ngazi na pini mdomoni, "hawajaonana, hawajuani kwao. Utafanyaje? Utawasukuma chumbani?"

"Nitatuma mshenga."

"Haya. Basi na nyimbo ni hivyo hivyo."

Mshenga wake ulikuwa wimbo wa tatu, mdogo, mara nyingi ngoma tupu, ambao una ndugu pande zote mbili. Tuseme kuna taarabu inalia fidla, na mbele yake unasubiri wimbo mwingine mzito usiofanana nayo hata kidogo. Katikati aliingiza goma la chakacha, taratibu, bila maneno. Taarabu ikilisikia inalitambua, maana wamekulia nyumba moja. Ule mzito nao unalitambua, kwa kishindo. Yakishakaa mazungumzo, Fundi anaitoa taarabu kama unavyoutoa mto chini ya kichwa cha mtoto aliyelala, na waliokuwa wakicheza hawajui kwamba wamevuka. Mimi nilikuwa nakaa pembeni namtazama, nikisubiri kuushika ule wakati wa kuvuka. Sikuupata hata siku moja.

Kulikuwa na ndoa alizozikataa. Mama mmoja mwenye harusi alimtaka apige kasida na aiwekee besi chini, ili vijana wapende. Fundi alizima mitambo yote, ukumbi ukawa kimya, akakaa kitako.

"Hiyo haiozwi," akasema. "Ina mwenyewe."

Mama wa watu akaona haya, akaomba radhi, muziki ukarudi. Tulikula pilau yake vizuri tu.

Na bado mtu huyu mwenye kelele za kazi nyumbani kwake hakuwa na redio. Alivaa ndala laini, alifunga mlango kwa kuusindika na kiganja, na watoto wa jirani walijua kwamba ukipita dirishani kwake unapita kwa vidole. Ukumbini ukimwambia "Fundi, punguza kidogo" alikununia mpaka harusi iishe. Kwake, kijiko kikigonga sahani alishtuka. Nilidhani ni uzee unaanza. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anasikiliza kama simu itaita.

Maana ule wimbo mzito usiofanana na taarabu ulikuwa wa mwanawe.

Kijana yule alitengeneza muziki wanaouita dabstepu. Kama hujapata kuusikia, ni muziki wa besi inayonguruma na kupindapinda, ngoma inatembea polepole kama mjamzito anayepanda ngazi, huku vitoazi vidogo vinakimbia juu yake. Hakuna kuimba, au kama kupo ni neno moja limekatwakatwa. Alianza chumbani kwake, hapo nyumbani kwa mama, kwa kompyuta iliyokwishachoka. Siku ya harusi ya binamu yake akapata ujasiri, akauweka wimbo wake mbele ya ndugu, uani, upande wa wanaume. Mama alikuwa ndani anapiga muziki wa wanawake. Alipousikia alitoka hadi mlangoni, akasimama, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupaza sauti juu ya spika:

"Nani kaleta mashine ya kusaga harusini?"

Watu wakacheka, nje na ndani. Wajomba walicheka zaidi kuliko wote. Kijana akachomoa waya wake, akauzungusha mkononi vizuri kama alivyofundishwa na mama yake mwenyewe, akaondoka. Haukupita muda mrefu akaenda Muscat kuendesha gari la mizigo, na huko akaendelea na nyimbo zake, akaziweka mtandaoni kwa yeyote anayetaka.

Hakuacha adabu. Kila akipiga simu kwa mama yake mdogo alisema, "Mfikishie mama shikamoo." Na Fundi akifikishiwa alijibu, "Marahaba, nawe mfikishie." Mama mdogo alibeba shikamoo na marahaba hizo, kwenda na kurudi, mpaka akachoka, akawaambia yeye si posta. Lakini moja kwa moja, mdomo kwa sikio, hawakusemezana tena. Nyimbo mpya za mwanawe Fundi alizishusha mtandaoni kama mtu baki. Alizitia kwenye flashi yake ya kazi, na ndizo hizo alizokuwa akizioza, harusi baada ya harusi, kwa chakacha, kwa taarabu, na kule Muheza kwa mdumange, ngoma ya Washambaa.

"Mwanangu nyimbo zake zina bahati," aliniambia mara moja, kwa fahari iliyojificha. "Zina miendo miwili. Ukitaka umwoze kwa wimbo wa taratibu, ngoma yake inakubali. Ukitaka wa mbio, vile vitoazi vinakubali. Kazi ni sauti. Sauti zikigombana, hata miendo ikilingana, hiyo ni talaka."

Nikamwuliza kwa nini asimpigie tu mtoto akamwambia nimekosa.

Alikuwa anafuta waya kwa kitambaa.

"Neno nililisema mbele za watu," akasema. "La mbele za watu haliombewi radhi chooni. Nataka watu walewale waliomcheka wamcheze. Na yeye ajue wamemcheza."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini, kila alipopiga wimbo wa mwanawe, alikuwa kama analia uso ukiwa mkavu. Walikuwa wanamcheza, ndiyo. Polepole Tanga ilikuwa inamcheza, shangazi zake na wake wa wale wajomba, wakiwa wameshika viuno. Lakini walimcheza ndani ya kuta ambazo hakuna simu iliyoruhusiwa kuingia. Ushahidi wote ulibaki ukumbini pamoja na harufu ya udi.

Pongwe ndiko tulikopatia aibu, au heshima, sijui niiiteje. Siku ile Fundi alimpa wimbo wa mwanawe mshenga mpya, mdundo aliokuwa nao kichwani tangu utotoni. Mwenyewe hakukumbuka aliusikia wapi. Aliugonga kwa vidole, akaurekodi, akauona mzuri. Na ulikuwa mzuri. Ukaingia, besi ikaja chini yake, chai ikachora viduara, na shangazi wa bibi harusi, mama mnene mpole aliyekuwa akigawa visheti, akaweka sinia chini na kuanza kutetemeka mabega.

Bibi mmoja pale mbele akasema, "Huo mdundo wa pepo huo. Nani kaupiga?"

Ilikuwa kweli. Kumbe Fundi aliusikia akiwa mtoto, nje ya nyumba ya mganga, akasahau alikousikia, akabaki na mdundo. Shangazi akapandwa na pepo. Akaongea kwa sauti nzito, akataka marashi na halwa, akalaumu kwamba hajaalikwa harusini. Wasichana wakakimbilia mlangoni. Mimi, niliyekuwa nimepanda ngazi kufunga ua lililolegea, nilishuka bila kuhesabu vipandio. Fundi akanyoosha mkono kuzima.

"Usizime," yule bibi akamwambia, bila kelele. "Ukimkatia ngoma hapo alipo utamwumiza. Mshushe kama alivyopanda."

Basi akamshusha. Sijaona kazi kama ile. Aliutoa mdundo wa pepo kidogo kidogo, akabakiza besi ya mwanawe peke yake, nzito, isiyo na haraka, ikivuta na kuachia. Shangazi akawa anayumba nayo. Wanawake wengine, kwa woga, wakaanza kumwimbia chini chini juu ya besi ile ile, na mtu mmoja akamnyunyizia marashi. Wimbo ule ukapigwa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mwenza, kwa mara ya kwanza katika ukumbi wowote wa huku kwetu. Ulipokwisha shangazi alifumbua macho, akauliza visheti vimekwenda wapi.

Watu walisema Fundi anapiga muziki wa mashetani, na kwa msimu mzima simu za kazi zikapungua. Aliumia, na hakuficha. Ila yule shangazi alikuja mwenyewe nyumbani kwake, akakaa, akanywa maji, akazungukazunguka maneno, mwisho akauliza kama ule wimbo wa ngurumo anaweza kutiliwa kwenye simu. Alisema unamlaza vizuri.

Harusi ya Maramba ilikuja baada ya hapo. Tulikwenda na gari la mahindi, spika zikiwa zimefunikwa turubai, milima ikiwa kijani mpaka machoni panauma. Mlangoni palikaa bibi yake bibi harusi, kapu mapajani, na nilijua mapema kwamba kwake hata waziri angetoa simu. Kabla sherehe haijachanganya, Fundi alifanya jambo ambalo hakupata kulifanya. Alitoka nyuma ya meza yake, akaenda katikati ya ukumbi, akasimama mbele za watu.

"Mama zangu, nina haja," akasema. "Mwanangu alipiga muziki wake mbele za watu, mie nikamwita mashine ya kusaga. Akaenda zake. Nyimbo zake mnazicheza kila siku na yeye hajui. Naomba nimpelekee sauti yenu tu. Picha sitaki."

Dada mmoja akasema kwa upole kwamba sauti ya mwanamke nayo ni ya kusitiriwa. Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, na Fundi akainamisha kichwa, maana hata yeye alijua ni kweli. Nilitamani niende nimshike mkono.

Ndipo bibi wa kapu akasema, "Kigelegele hakina sura. Mtu akikisikia atajua kuna furaha, hatajua ni ya nani."

Akapekua kapu, akaitoa simu ya Fundi, akataka aonyeshwe pa kubonyeza. Kisha akailaza kifudifudi mapajani pake na kuifunika kwa kanga, na juu ya kanga akaweka viganja vyake. "Haya," akasema. "Piga huo wa mwanao. Na nyie wanawake msije mkaita majina."

Ukapigwa. Vigelegele vilivyotoka Maramba siku ile nadhani vilisikika hadi mpakani. Fundi alisimama kwenye mitambo yake huku machozi yanamtiririka waziwazi, anageuza vitufe bila kuvitazama. Jioni ileile akaituma sauti ile Muscat, bila neno hata moja. Alama ya kusikilizwa ikatokea. Jibu halikuja.

Masika ikapita. Alinionyesha ile simu mara nyingi, mpaka nikawa naogopa akiingiza mkono kwenye mkoba. Mama mdogo aliendelea kuleta shikamoo kama kawaida, na Fundi aliendelea kurudisha marahaba, ila sasa kwa sauti ndogo. Magoti nayo yakaanza kumgomea. Akampa mpwa wake mitambo yote, akabakiza kijispika kimoja cha kukaa mezani, akaenda kuishi kwa dada yake Ushongo. Hatukuagana vizuri. Alisema kuagana ni kelele.

Mwaka huu nilipata kazi Ushongo, harusi ndogo ya wageni kwenye hoteli moja ya makuti. Nilipomaliza vitambaa vyangu nikauliza kwao, nikaelekezwa. Ilikuwa alasiri, upepo umelala. Nikamkuta uani, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, amepungua mwili, nywele zimekuwa nyeupe kabisa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Njoo kaa, mpambaji wangu. Bado unawachoma bibi harusi kwa pini?"

Tukacheka. Akaniuliza habari za mjini, nani kaoa, nani kaachika. Halafu akafuta mikono kwa upindo wa kanga, akaingia ndani. Alitoka na kijispika na kikombe cha chai. Akakiweka kikombe juu ya spika.

"Kaleta," akasema.

Kwanza nilisikia mchakacho wa kitambaa. Nikaujua kabla ya akili kuujua: ile kanga, vile viganja vya bibi wa Maramba vikitulia juu yake. Kisha vigelegele, kwa mbali, kama vinatoka nyuma ya mlango. Halafu ikaingia mashine ya kusaga. Mashine kabisa, ile ya mahindi, mkanda wake unapigapiga, tuku tuku tuku, mpaka niligeuka kutazama kama kwa jirani wanasaga. Ikazungumza na vigelegele kidogo. Ikapunguza mwendo, ikatembea, na ilipokuwa inatembea hivyo besi ikaja chini yake kwa mwendo uleule, mzito, na wanawake wa Maramba wakapaa juu yake wote kwa pamoja. Sikuona mahali pa kuvuka. Chai ilikuwa inachora viduara.

Fundi alikuwa kafumba jicho moja.

"Umemwona mshenga wake?" akaniuliza wimbo ulipokwisha.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nalia.

"Kanisuta," akasema. "Kanisuta mbele ya dunia nzima, kila mwenye simu anasikia. Na mimi ndiye niliyemfundisha." Alikuwa anatabasamu mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

"Ukamjibu?"

"Nikampigia. Sasa si yamekuwa ya mbele za watu, pande zote mbili? Nikampigia mwenyewe, akapokea. Nikamwambia, baba, besi umeizidisha hapo katikati, chai yangu inataka kumwagika."

"Akasema nini?"

Alirudi kukaa juu ya mbuzi yake, akashika kifuu, akakigeuza mkononi kutafuta upande ambao haujakunwa.

"Akacheka," akasema. "Halafu akasema, shikamoo mama."